Waliochimba Shimo la Okapi

Katika mkoa wetu wa Tanganyika okapi anajulikana kwa sauti kuliko kwa sura. Redio Okapi imebeba jina lake tangu Februari 2002, na mtu wa Kongolo au Kalemie hulisikia kabla hajanywa chai ya asubuhi. Picha yake imo pia kwenye nembo ya ICCN, taasisi inayolinda mbuga za taifa. Ila mnyama mwenyewe hayuko huku. Kwao ni Ituri na Uele, kwenye msitu mzito wa kaskazini, na hata huko wapo watu wazima waliomwona mara moja au mbili tu maishani. Wakati huohuo mtoto wa shule wa Antwerp, Ubelgiji, anaweza kumtazama okapi Jumapili mchana akiwa ameshika aiskrimu. Alifikaje kule? Na nani aliamua kwamba aende huyu, mwenzake abaki?

Bustani za wanyama zina njia nyingi za kujaza mabanda yao. Chukua dubu. Kongo hatuna dubu, na Afrika nzima haina tena tangu yule wa milima ya Atlas alipotoweka katika karne ya 19, lakini Ulaya na Marekani bustani bila dubu huonekana pungufu. Baadhi ya dubu wa bustani ni mayatima. Mama amepigwa risasi, watoto wameokotwa, idara ya wanyama inauliza ni bustani gani ina nafasi. Alaska wanafanya hivyo mpaka leo. Anayepokea hachagui sana; huchukua aliyepatikana, akashukuru.

Kwa okapi mambo ni mengine kabisa. Mkubwa ana uzito wa kilo 200 hadi 350, anatembea peke yake, masikio yake mapana yanasikia jani likikanyagwa mbali. Ndama wake hulala mafichoni wiki nyingi, na katika mwezi wa kwanza au zaidi hatoi kinyesi, hivyo chui hapati harufu ya kumfuata. Mnyama wa namna hii haokotwi. Ni lazima umtege akiwa mzima, umtoe akiwa mzima, umsafirishe akiwa mzima, na kila hatua kati ya hizo inaweza kumuua kwa hofu tupu.

Wazungu walichelewa kumjua. Mwaka 1901 Mwingereza Harry Johnston alipeleka London ngozi na mafuvu, na mtaalamu wa kule, kwa kuona vipande vya ngozi yenye milia, alikuwa ameshampa mnyama jina la jamii ya punda. Twiga ndiye ndugu yake wa kweli. Wambuti, watu wa msitu wa Ituri waliompa Johnston habari, hawakuwa na shida hiyo. Walikuwa wamekwisha kumla, kumvua ngozi na kumfuata nyayo kwa vizazi. Okapi wa kwanza kufika Ulaya akiwa hai alikuwa ndama aliyelelewa Buta, huko Uele. Alishuka Antwerp mwaka 1919 na hakumaliza hata miezi miwili. Baadaye Frère Joseph Hutsebaut wa misheni ya Buta alijifunza kulea ndama kwa maziwa na uvumilivu, na mmoja aliyetoka mikononi mwake alifika New York mwaka 1937, wa kwanza kukanyaga bara la Amerika. Lakini kulea ndama mmojammoja hakukuwa njia ya kujaza bustani za dunia.

Njia hiyo ilipatikana Epulu, kijiji kilicho kwenye barabara ya kutoka Kisangani kwenda Mambasa, mahali ambapo mto Epulu unapita juu ya mawe chini ya daraja. Mmarekani Patrick Putnam alikuwa amejenga kambi yake hapo tangu miaka ya 1930, akiishi na Wambuti na kuwapokea wageni. Mwaka 1952, zama za Wabelgiji, pakaanzishwa kituo cha kukamata okapi chini ya Mreno Jean de Medina. Vitabu vya bustani vinamtaja Medina. Mashimo yalichimbwa na Wambuti na majirani zao wakulima, na bila macho ya Wambuti mashimo hayo yangekuwa mashimo ya mvua tu.

Tuitazame kazi yenyewe ilivyokuwa enzi hizo: huanza siku nyingi kabla jembe halijagusa udongo.

Mfuatiliaji anaingia msituni asubuhi, umande ukiwa bado, akitafuta vitu ambavyo mimi na wewe tungevipita. Unyayo wa kwato mbili, mkubwa kuliko wa mboloko na paa wengine wa msituni, mwembamba kuliko wa nyati. Karibu nao doa jeusi linalonata: kati ya kwato za okapi kuna tezi, na kila anapokanyaga huacha alama ya kwake. Halafu matawi. Okapi hararui majani kwa meno kama mbuzi wa uani. Huyazungushia ulimi wake mweusi wa kibuluu, wenye urefu wa sentimita 30 na zaidi, akavuta, na tawi hubaki na vikonyo vitupu. Kikonyo kibichi kinachotoa utomvu ni cha leo. Kilichokauka ncha na kugeuka kahawia ni cha juzi. Kwa kuangalia vikonyo kwenye vichaka kumi vilivyofuatana, mfuatiliaji anajua mnyama anaelekea wapi, ana haraka au anajipitisha tu, na kama ni mmoja au wawili.

Anajua pia mahali pa kumtafuta. Msitu wa Ituri chini yake ni kivuli kitupu na majani laini ni machache. Mti mkubwa ukianguka, jua hupenya, machipukizi hufumka, na hapo ndipo okapi hula. Kwa hiyo mtu anayetaka okapi hukumbuka miti iliyoanguka mwaka jana na mwaka juzi, kila mmoja ulipolala. Hukumbuka pia kingo za mito ambako mnyama huyu hulamba udongo, na kisiki kilichochomwa na radi ambako hutafuna makaa. Watafiti John na Terese Hart walipowavisha okapi mikanda ya redio katika miaka ya 1980, waligundua kwamba jike hukaa katika eneo la kilometa za mraba 3 hadi 5 hivi, na dume huzunguka hadi 13. Ndani ya eneo hilo kila mnyama ana njia zake anazozirudia. Ugunduzi huo uliandikwa kwa heshima zote za kisayansi, na unastahili, ila mfumo mzima wa mashimo ulikuwa umejengwa tayari juu ya ujuzi uleule. Usingeweza kuchimba shimo kama hukujua kwamba mnyama atarudi.

Sasa shimo. Huchimbwa katikati ya njia, urefu wake ukifuata njia, kina karibu mita mbili. Upana ndio wenye kazi. Hupimwa kwa mwili wa mnyama, kama fundi cherehani apimavyo kifua cha mteja: likiwa pana, okapi aliyeanguka atajigeuza, atajirusha, atavunja mguu, likiwa jembamba kiasi cha kumbana vizuri, atasimama akashindwa kujiumiza. Kuta hukatwa wima na kusawazishwa ili mzizi uliojitokeza usimchane. Chini hutandikwa majani mengi. Udongo uliotoka hubebwa mbali na kutawanywa, kwa sababu tope jipya kando ya njia ni tangazo kwa pua ya mnyama. Juu hulazwa fito nyembamba, zenye nguvu ya kubeba majani na mboloko mmoja mwepesi, zisizo na nguvu ya kubeba kilo 200. Kisha majani makavu yaliyookotwa palepale, siyo ya mti mwingine wa mbali. Mchimbaji mzuri akimaliza hurudi nyuma hatua chache na kuitazama njia kwa jicho la okapi. Kama anaona shimo, hajamaliza.

Kutoka hapo ni kusubiri, na kusubiri huku hakuna uvivu ndani yake. Kila shimo lazima litembelewe kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mnyama aliyekaa shimoni siku mbili bila kuonekana ni mnyama aliyekufa au atakayekufa njiani. Mara nyingi fito zimevunjwa na nguruwe wa msituni, au maji yamejaa, au hakuna kitu. Wiki zinapita hivyo.

Siku okapi anapoanguka, kelele ni mwiko. Hakuna kushangilia wala kuchungulia. Mmoja anabaki, mahali ambapo upepo haupeleki harufu yake shimoni, na mwingine anakimbia kituoni. Mnyama akitulia, ndipo mtu mmoja, mmoja tu, anasogea polepole kumwangalia.

Hapa ndipo ninapovua kofia. Kumkamata mnyama ni jambo ambalo watu wengi wanaweza kujifunza. Hata hapa Kongolo wapo wategaji ambao sungura wa mashambani hawawapiti. Kumwangalia mnyama uliyemsubiri wiki nyingi, ambaye bustani ya Ulaya imekwisha kumwagiza na kumlipia, ukasema "huyu arudi msituni", ni ufundi wa daraja nyingine. Meno yaliyochakaa yanaonyesha uzee, na mzee hahimili safari wala chakula kigeni. Kiwele kilichojaa kinasema kwamba mahali fulani, chini ya kichaka, kuna ndama aliyelala akisubiri mama. Ukimchukua mama umechukua wawili na kumuua mmoja. Jike mwenye mimba ni hatari pia, kwa kuwa mimba ya okapi huchukua zaidi ya miezi 14 na hofu huweza kuiporomosha. Mwenye kidonda, mwenye kikohozi, mwenye macho yasiyotulia baada ya saa kadhaa, hao nao hawafai. Anayetakiwa ni kijana aliyekwisha kuachishwa ziwa na kukomaa mwili, ambaye bado anaweza kujifunza kula kutoka mkononi mwa mtu. Dume hutambulika kwa vipembe vyake vifupi vilivyofunikwa ngozi. Jike hana, na kwa kawaida ni mkubwa kidogo kuliko dume.

Aliyechaguliwa hatolewi kwa kamba. Watu hujenga kwanza boma la fito na majani kuzunguka shimo, refu kumpita, lililozibwa vizuri asione nje. Kisha udongo hurudishwa upande mmoja wa shimo kidogokidogo, mpaka upatikane mteremko, na okapi anapanda kwa miguu yake mwenyewe hadi ndani ya boma. Humo huachwa. Majani anayoyapenda hutundikwa kwenye ukuta, maji huwekwa, na mtu yuleyule huja kila siku saa ileile, akisema naye kwa sauti ya chini. Wakati huohuo wengine wanafyeka njia ya lori kutoka barabarani.

Likifika sanduku, nalo halina haraka. Huunganishwa na mlango wa boma likiwa wazi pande zote mbili, na majani hutundikwa karibu na mdomo wake. Kesho husogezwa ndani kidogo. Keshokutwa ndani zaidi. Siku okapi anakula akiwa amesimama katikati ya sanduku, akitafuna bila kuinua shingo, milango huteremshwa. Mbao za pembeni hazina mwanya, kwa sababu mnyama anayeona nje hutaka kutoka nje. Nimesoma habari nyingi za usafirishaji wa wanyama, na karibu zote husifu sanduku. Mimi nasifu siku zile zilizotangulia, ambazo mtu angeweza kuziokoa kwa kumsukuma mnyama kwa mti, na hakufanya hivyo.

Kituoni Epulu okapi alikaa miezi kwenye zizi lililojengwa ndani ya msitu wenyewe, miti ikiwa imesimama. Minyoo ilimsumbua sana. Msituni huishi nayo, lakini ikijumlishwa na hofu humlaza. Kila asubuhi wakata majani waliingia msituni na kurudi na mafungu mabegani. Okapi hula zaidi ya aina 100 za mimea, na mkata majani mzuri alizijua kwa majina, akajua pia kwamba dume huyu anakataa jani lile likiwa limeloa, na jike yule hali kitu mpaka apewe kwanza analolipenda. Mafungu yalifungwa na kutundikwa usawa wa mdomo, kwa kuwa okapi hula kwa kunyoosha shingo, haokoti chini kwa raha.

Safari ya mbali ilikuwa mtihani mwingine, na hapa sitaki kupaka rangi. Katika miaka ya mwanzo sanduku lilipanda meli Kisangani, likateremka mto mpaka Kinshasa, reli mpaka Matadi, kisha bahari. Maji hayo ni yaleyale ya Lualaba yanayopita chini ya daraja letu la Kongolo, na safari yake ni ndefu. Okapi wengi walikufa njiani au miezi michache baada ya kufika. Ndege zilipoanza kutumika safari ilifupika na vifo vikapungua. Antwerp ilipata uzazi wa kwanza mwaka 1954, lakini ndama hakuishi. Wa kwanza kukua alizaliwa Paris, katika bustani ya Vincennes, mwaka 1957. Kutoka mwaka huo bustani ziliweza kuanza kupata okapi kutoka kwa okapi.

Leo uchaguzi hufanyika mezani. Antwerp hutunza daftari la kimataifa la nasaba, ambamo kila okapi aliyeko kwenye bustani ameandikwa: baba, mama, mahali alipozaliwa. Milia ya mapaja haifanani kati ya okapi wawili, kwa hiyo picha ya nyuma ya mnyama ni kitambulisho chake. Msimamizi hutazama nani ana ndugu wachache zaidi katika daftari zima, na huyo ndiye anayepewa nafasi ya kuzaa. Mnyama huhamishwa kutoka bustani moja hadi nyingine kwa ushauri huo, si kwa bei. Ni kazi nzuri, yenye nidhamu. Lakini ukifuata mistari ya daftari hilo kurudi juu, kizazi baada ya kizazi, inaishia kwenye majina ambayo hayana baba wala mama, ila neno moja la mahali: Epulu, Buta, na machache mengine. Kila jina la juu kabisa lenye neno Epulu ni mnyama ambaye mtu fulani alimtazama akiwa shimoni, akasema "huyu anafaa". Daftari linajua okapi huyo alifika tarehe ngapi. Halina safu ya jina la aliyemchagua.

Kwa upande wa Epulu, kazi ilibadilika. Mwaka 1987 John Lukas alianzisha mradi wa kuhifadhi okapi, na Waswisi wawili, Karl na Rosmarie Ruf, wakaja kukiongoza kituo. Bustani zenye okapi zilianza kuchangia fedha kila mwaka kwa ajili ya walinzi, shule na zahanati. Hifadhi ya Okapi ikatangazwa mwaka 1992, karibu kilometa za mraba 13,700, na UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1996. Okapi wa kituoni wakawa mabalozi: watoto wa Mambasa, ambao wangezeeka bila kumwona, walipelekwa kumtazama.

Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2012 wapiganaji wa Mai-Mai Simba, walioongozwa na mtu aliyeitwa Morgan, walishambulia Epulu. Waliua watu, wakiwemo walinzi, wakachoma majengo, na wakawapiga risasi okapi wa kituo. Wote 14 walikufa. Mazizi yakabaki matupu. Mwaka uliofuata okapi akaandikwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka.

Watu wengine husema shimo lile halina heshima ya kusifiwa, kwamba kumtoa mnyama msituni ni wizi tu hata ukifanywa kwa upole. Siwapuuzi. Lakini linganisha na sokwe. Lubumbashi, katika bustani ya wanyama ya mji, kipo tangu 2006 kituo kiitwacho J.A.C.K. kinachopokea sokwe wadogo walionyang'anywa wachuuzi. Sokwe mtoto hukamatwa kwa kumuua mama yake, na mara nyingi na jamaa zake wanaomtetea. Kila mtoto anayefika pale ni ushahidi wa mauaji. Okapi wa Epulu aliacha nyuma yake shimo lililofukiwa na msitu wenye jamaa zake wote wakiwa hai. Tofauti hiyo ilitokana na mikono iliyojua kuchimba kwa kipimo, na kinywa kilichojua kusema hapana.

Wenye mikono hiyo wamezeeka au wamekufa. Wengine walikuwa walinzi na wakata majani, na watoto wao leo wanafanya kazi na watafiti, wakiwaonyesha mahali pa kufunga kamera za msituni kwenye njia zilezile za okapi. Kamera hufungwa pale ambapo zamani pangechimbwa shimo. Anayechagua mti wa kuifunga bado huanza kwa kutazama vikonyo.

Kwa hiyo nina ombi moja, na ni kwa ndugu zetu walioko Ubelgiji, Ufaransa na Marekani. Siku ukiwapeleka watoto kwenye bustani yenye okapi, soma kibao kilicho mbele ya zizi. Kitakuambia jina la mnyama, uzito wake, chakula chake, pengine na jina la Mwingereza aliyepeleka ngozi mwaka 1901. Kama Wambuti wa Epulu hawamo, nenda ofisini kabla hujaondoka, uombe kwa adabu waongezewe mstari.